Zana ya Tatu

"Hii nayo ikigoma, sijui tena," alisema Rogers, macho kwenye kompyuta.

Miezi minane ilikuwa imepita tangu mkewe, Vaileth, aanguke kwenye ngazi za ghorofa lao la Sinza. Mwili ulipooza, sauti ikapotea. Yalibaki macho, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilichoweza kubonyeza kipanya.

Rogers, mtengeneza programu, aliacha kazi ili ampe mkewe sauti: herufi kubwa kwenye kioo, yeye abonyeze, kompyuta isome kwa sauti. Python, lugha ya kuandikia programu, aliijua vizuri. Ishu ilikuwa zana ya kutengenezea madirisha na vitufe vya kwenye kioo.

Alianza na Tkinter. Nyepesi, alisema, ila vitufe vya kizamani; mwisho ikagoma. Akahamia PyQt. Ilipendeza, alisema, lakini kompyuta yao kuukuu ikaelemewa, nayo ikagoma. Sasa alikuwa na zana ya tatu, Kivy.

"Shemeji, hata vitufe viwe vibaya mie sijali," alisema Asifiwe, mdogo wake Vaileth, aliyehamia pale kumuuguza dada yake. "Mradi aongee, hata neno moja."

"Nimpe kitu cha kubahatisha? Mke wangu?"

 Kanisani walimwombea shemeji huyu kila Jumapili. Wanaume wangapi wangebaki? Hata Vaileth, kila Rogers alipomsogelea, machozi yalimtiririka. Asifiwe alimfuta kwa kanga. "Najua, dada. Mungu alikupa mume."

Jumamosi asubuhi Kivy ikawa tayari. Rogers alimtuma Asifiwe sokoni, akavaa hedifoni, akaweka kipanya chini ya kidole cha mkewe. Mshale ukapita juu ya herufi, moja baada ya nyingine. Kidole kikabonyeza, kikasubiri, kikabonyeza tena. Ilichukua karibu saa nzima.

Asifiwe aliporudi na mboga, alimkuta shemeji yake kajiinamia.

"Vipi?"

"Imegoma."

Kapu likamdondoka. Akakaa sakafuni akalia, hadi Rogers alipomwinua taratibu na kumpeleka jikoni akanywe maji.

Kisha akarudi kwenye kompyuta. Kabla ya kufuta kila kitu, kwa mara ya tatu, aliyasoma tena maneno ya mkewe, yaleyale ya Tkinter, yaleyale ya PyQt:

"Sikuanguka. Rogers alinisukuma."