Nguruwe wa Eufemio

Bi Leoncia alikuwa anakula nguruwe wa mwizi wa maji, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima. Alipomaliza akalamba vidole, akasimama.

"Mimi namchagua Eufemio awe mkuu wa mfereji."

Tuliona aibu kwa niaba yake. Eufemio alirudi kutoka Hawaii na kitambi na meno ya dhahabu, akanunua haki ya kulima shamba la kwanza, pale mfereji unapoanzia. Ardhi yenyewe ni ya umoja wetu, lakini yeye hujiona mfalme wa mkoa mzima wa Ilocos, hapa Ufilipino. Kila ukame huziba mfereji kwa magunia ya mchanga, mpunga wake unaogelea, sisi wa chini tunagawana matope. Mikutanoni haji, hutuma faini. Sasa mkuu amefariki, na bwana huyu anataka funguo za lango la maji alale nazo.

Marehemu ni mzee Alipio, mume wa huyuhuyu Leoncia. Alishika ukuu tangu wengi wetu hatujazaliwa, na miaka yote hiyo alilima mwisho kabisa wa mfereji. Eufemio alimcheka waziwazi: "Mkuu gani wa maji analima vumbi? Zuzu yule."

Ruding, mpwa wa Leoncia, akamsogelea. "Shangazi, umenunuliwa kwa mnofu wa nguruwe? Wajukuu watakula nini mwakani?"

"Wali," akajibu, huku akijipakulia tena. "We nyoosha mkono, acha maneno."

Tukanyoosha kwa heshima ya marehemu, roho zikituuma.

Eufemio akashuka kwenye bwawa linalolisha mfereji, mkono mmoja majini, mwingine umeshika kikombe cha pombe ya miwa. Akaapa kufuata kila desturi ya wakuu waliomtangulia. Hakuuliza hata moja.

"Haya, funguo," akasema.

Katibu wetu, mzee Saturnino, ndiye pekee kati ya wanaume aliyewahi kuona mkuu akiapishwa. Akampa funguo polepole.

"Hongera, mkuu. Shamba lako sasa ni lile la mwisho. Anayegawa maji hupata baada ya wote. Ulilokuwa nalo linakwenda kwa familia ya mkuu aliyepita, ndivyo tunavyobadilishana."

Eufemio akageuka kutazama kule mfereji unakoanzia. Bi Leoncia alikuwa ameshamfikisha nyati wake wa kulimia huko, anang'oa magunia ya mchanga.