Jirani wa Kukata Usukani

"Baba, nani anakukatia usukani?" Sauti ya binti yake ilitoka kwenye simu ambayo mzee aliiegemeza juu ya betri ya gari.

"Jirani," mzee akajibu bila kupepesa macho.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yameinuliwa kwa jeki. Mafuta ya zamani ya usukani, meusi tii, hayatoki yote mpaka usukani ukatwe kulia na kushoto.

"Jirani, kata kulia!" akaita, akakimbilia kiti cha dereva, akakata mwenyewe. Akarudi mbio kumimina mafuta mapya. "Sasa kushoto!" Akakimbia tena, magoti yakilalamika.

"Afadhali una mtu," binti akasema. "Mpe simu nimshukuru."

Mzee alikitazama kiti kitupu. Kisha akaibana pua kwa vidole vyenye mafuta.

"Haloo, mama? Jirani hapa."