Baiskeli ya Wenceslaus na Farasi wa Wazungu

Kitendawili. Wanne wanakimbia, mmoja amekaa, na aliyekaa ndiye aliyeshinda. Huwezi? Usinipe mji bado, najua utanipa wa mbali. Sikia kwanza.

Siku ya mbio za farasi Tabora, sikukuu ya kuzaliwa kwa Mfalme wa Waingereza, Wenceslaus alisimama kwenye kamba ya uwanja ameishikilia baiskeli yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyemshika mgonjwa. Baiskeli ile ndiyo iliyomletea asali kutoka Sikonge, madebe mawili nyuma, kila juma. Na tangu jana ilikuwa nusu yake, nusu ya Lugembe, aliyewekeana naye dau.

"Mdomo wako umekuponza," alisema shangazi yake, Apolinaria. "Wewe farasi umemjulia wapi?"

"Alinicheka mbele za watu, shangazi. Akasema sisi warina asali hatujui mnyama ila nyuki."

"Nawe ukaweka baiskeli."

"Nikaweka baiskeli. Yeye akaweka saa yake ya mfukoni."

Mbio zilikuwa tatu, farasi wanne kila mara. Atakayetaja washindi wengi achukue saa na baiskeli. Wenceslaus akishindwa, asali ya Sikonge itakuja Tabora kichwani, siku tatu porini kwa miguu.

Apolinaria akalihamisha kapu lake kutoka mkono huu kwenda mkono ule. "Nenda kamwambie nitataja mimi badala yako."

Lugembe alikuja mwenyewe, anacheka. Alikuwa karani wa ghala la tumbaku, penseli sikioni, daftari mkononi. Wiki nzima alikuwa ameandika: umri wa kila farasi, uzito wa mzungu wake, yupi aliumwa na ndorobo mwaka jana.

"Shikamoo, bibi. Lakini hawa si mbuzi wa mahari."

"Marahaba. Mbuzi wa mahari ndio kazi, mwanangu. Farasi hana mshenga wa kumsifia."

Kabla ya mbio, watunza farasi waliwatembeza wanyama wao kando ya kamba. Lugembe akatazama miguu, akaandika. Apolinaria alisubiri mmoja apite karibu, akampelekea kiganja mdomoni, akampapasa meno kwa muda mrefu. Kisha akajifuta mkono kwenye khanga.

"Huyu Mwekundu," akasema.

"Meno ndiyo yamekwambia? Unaangalia nini hasa, bibi?"

"Tukimaliza nitakujibu."

Watu wote wakakimbilia kule mbio zinakoanzia. Apolinaria akaenda upande mwingine, polepole, akaketi chini kwenye bendera ya mwisho, kapu mapajani. Nyuki wawili wakamfuata. Jua lilikuwa kali, basi akalitoa kawa lililofunika kapu, akajipepea nalo.

Mwekundu akaja wa kwanza, wenzake mbali.

"Bahati," alisema Lugembe.

Mara ya pili akapapasa meno ya farasi mwenye miguu myeupe, yule ambaye watu walimwita Soksi. Lakini alipoketi penye bendera, askari akamwondoa. Hapo ni pa wakubwa. Akaenda kukaa nyuma ya hema la chai, akajipepea huko.

Soksi alikuwa mbele kwa urefu wa mwili mzima. Zikiwa zimebaki hatua chache kufika kwenye bendera, akakata kona, akaruka kamba, akamwangusha mzungu wake juu ya meza ya keki. Aliyeshinda ni farasi wa Lugembe.

"Pole, bibi," alisema Lugembe, na penseli yake ikaandika kwa raha. "Meno mengine ni ya uongo. Sasa tuko sawasawa."

Wenceslaus aliishika baiskeli kwenye tandiko, akaiachia, akaishika tena.

Mbio za tatu, Lugembe alimtaja Radi, dume jeusi ambalo kila mtu angelitaja. Apolinaria akapapasa meno ya Kizee. Kizee aliletwa kutoka Nzega amekonda, na alikuwa amesimama ameegemea kamba.

"Shangazi," Wenceslaus alinong'ona, "huyo hata usingizi anaupata kwa shida."

"Nyamaza, wewe uliyeweka baiskeli."

Akamwendea askari. Safari hii alimsalimu kwa Kinyamwezi, akamuuliza ukoo wake, akamuuliza bibi yake alizikwa wapi. Kabla hawajamaliza, askari alikuwa ameshamletea kisanduku cha kukalia, palepale kwenye bendera.

Radi alitangulia. Alitangulia mwanzo, akatangulia katikati, na Lugembe akaanza kuipapasa kengele ya baiskeli. Kizee alikuwa wa mwisho. Halafu wakakata kona ya mwisho, upepo ukawapuliza usoni, na Kizee akainua kichwa. Masikio yakasimama kama ya mtu aliyesikia anaitwa. Akampita wa tatu, akampita wa pili. Mzungu wake alikuwa amemkumbatia shingo, hajui yanayotokea. Penye bendera, Kizee alimtangulia Radi kwa pua.

Wenceslaus alikaa chini, palepale vumbini.

Lugembe akafungua saa yake, akaitazama mara ya mwisho, akamkabidhi bibi. Si mtu mbaya, Lugembe, akishindwa analipa.

"Wiki nzima nimeandika," alisema. "Miguu, vifua, mpaka mikia. Uliniahidi, bibi. Unawaangalia nini?"

Apolinaria akafunua kapu. Ndani mlikuwa na sega la asali ya Sikonge, limenyofolewa pembeni vipande vitatu.

"Mimi sikuwaangalia kitu, mwanangu," akasema. "Wao ndio waliokuwa wananiangalia mimi."