Hoja Namba Tisa ya Nungunungu

Hoja Namba Tisa, Kuhusu Urefu wa Hadithi za Wahitimu Kikaoni, ilipita bila kupingwa katika udugu wa nungunungu, na mwenyekiti kijana akamtoa shimoni Bibi Mhitimu, mwanachama mstaafu mwenye hadithi ndefu kuliko wote, kwa mkono wake mwenyewe.

"Bibi, zama zenu zimepita."

"Haya, mwanangu. Kaeni salama."

Siku ya tatu moto wa nyika ukaziba mlango. Mwenyekiti alipekua kumbukumbu za vikao akitafuta njia nyingine ya kutokea, akakuta hoja nane za usafi. Moshi ulikuwa umeshamfika kooni aliposikia makucha yakiparura upande wa pili wa ukuta.

"Chimbeni huku, wanangu! Hapa palikuwa na mlango, tuliuziba sisi mwaka wa mafuriko!"

Walitoka wote kumi na wawili. Bibi alifia pale pale, kwa moshi.