Wala Hailipuki

Mteja alikuwa ameshatoa pochi mfukoni pale mama wa mwenye duka alipoinua kichwa kwenye kiti chake kando ya mlango.

"Nunua tu, baba," alimwambia kwa upole. "Wala hailipuki."

Mteja akageuka. "Kwani huwa inalipuka, bibi?"

"Nimesema hailipuki! Maneno ya watu hayo, usiyatie akilini."

Pochi ikarudi mfukoni. Mteja akasema atapita siku nyingine, na mwenye duka akabaki amekumbatia boksi la mashine ya gemu kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe.

"Mama! Nani kasema zinalipuka?"

"Mimi si namtoa wasiwasi? Haya, nitanyamaza."

Hakunyamaza. Aliwahakikishia waliofuata kwamba mashine haipofushi, haimalizi umeme, na kwamba yule mtoto aliyeanguka kifafa alikuwa na ugonjwa wake wa tangu zamani.

Mwenye duka alipunguza bei. Akawasha mashine moja dirishani watu wacheze bure. Wakacheza, wakacheka, wakaondoka. Akiba yake yote ilikuwa imelala kwenye yale maboksi. Mkewe alikuwa ametangulia na mtoto wao ng'ambo, alikopata kazi. Yeye angefunga duka awafuate mzigo ukiisha. Lakini mzigo uligoma, na jana mkewe alimwambia kwenye simu, "Mwezi huu ukipita hujaja, usijisumbue tena."

"Ulimi wa mama utanivunjia nyumba," alimlalamikia fundi viatu wa jirani.

"Mvumilie. Wenzako wote wamekukimbia, yeye anashinda hapo juani anakupigania."

Kweli. Siku mkewe na mtoto walipoondoka, mama alilia mpaka sauti ikakauka. Kesho yake akaleta kiti chake dukani, akasema, "Nimekuja kukusaidia, mwanangu."

Moyo ukamsuta mwenye duka kwa kumfokea mamaye. Mama alikuwa ameingia stoo kusali, naye akachukua kikombe cha chai ampelekee, amwombe radhi. Mlangoni akamsikia, sauti imejaa machozi ya shukrani. Akasimama asimkatishe.

"Asante, Mola wangu. Leo tena hajauza hata moja. Kesho nipe neno jingine, haya wameanza kuyazoea."