Pacha Anakuchagulia

Siku hizi kozi ya chuo hujichagulii. Anakuchagulia ndugu yako, na akishabonyeza hakuna kubadili.

Jikoni, Shaibu alikuwa akichomelea kipande kipya kwenye bodi ya umeme ya friji iliyoharibika. "Jamani, njooni mumwone fundi wangu!" mama aliwaita majirani. Lakini aliyegundua kipande kilichoungua alikuwa Siwema, pacha wake, na yeye aliambiwa aongeze chai.

Siwema aliona wivu. Wote wawili waliota kuunda kompyuta tangu utotoni. Akachukua simu, akamchagulia Shaibu ufugaji wa nyuki, akabonyeza.

Papo hapo simu ikamletea kozi yake mwenyewe, aliyochaguliwa na Shaibu tangu asubuhi: Uhandisi wa Kompyuta.

Shaibu aligeuka, tabasamu hadi masikioni. "Haya pacha wangu, na mimi umenipa nini?"