Mzee Antena Juu ya Bati

"Bado, Baba!" binti alipaza sauti kutoka uani, simu mkononi. "Hata kijiti kimoja cha mtandao hakuna!"

Juu ya bati, Fundi aliisogeza antena kidogo, akafuta jasho.

"Na sasa?"

"Bado!"

"Basi nikifa mwandike kaburini: hapa amelala fundi aliyeshindwa na kipande cha chuma."

Binti alicheka bila kupenda. Jua lilikuwa kali, na hii ilikuwa Jumamosi ya tano ya kupiga kelele uani.

Kwa miaka thelathini mtaa mzima ulimwita Mzee Antena. Hakuna televisheni ambayo hakuifungua wala paa ambalo hakulipanda. Sasa alikuwa akihangaishwa na kifaa cha kuongeza nguvu ya mtandao, kidude cha ukubwa wa kitabu, chenye karatasi ya maelekezo ambayo mtoto wa darasa la pili angeifuata. Sehemu moja inakaa sebuleni, antena inakaa juu ya paa, waya unaziunganisha. Basi. Kinyozi hajinyoi, majirani walisema, na aliyeanza kulisema hilo alikuwa Fundi mwenyewe.

Shida ilikuja na ghorofa jipya lililoinuka ubavuni mwa nyumba yao. Tangu lifike orofa ya tatu, simu zote ndani zikafa. Kabla ya hapo binti, muuguzi katika mji ulio mwendo wa saa mbili kwa basi, alikuwa akipiga kila jioni na kuja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Simu zilipokufa, wasiwasi ukamshika. Mama ana shinikizo la damu, Baba ana umri wa kukaa chini na bado anapanda mapaa. Ikawa kila Jumamosi anakuja mwenyewe, kuhakikisha wako hai. Kifaa alikinunua yeye.

"Leo lazima kikubali," alisema alipofika asubuhi, hata kabla ya kuweka mkoba chini. "Mwenzangu kazini ananiomba nimwachie mapumziko ya Jumamosi. Keshokutwa nimpe jibu. Nikijua mnapatikana kwa simu, nitamkubalia. La sivyo sitakuwa na amani."

Mama aliendelea kumenya viazi. Fundi ndiye aliyejibu.

"Leo kitakubali. Kikikataa, nitasimama barabarani nikiri kwamba nimekwisha."

Saa nane mchana kilikuwa hakijakubali. Binti aliingia ndani kutazama kama taa ya kifaa inawaka, na jirani seremala akaona nafasi ya kusogea kwenye ua.

"Mzee, samahani, mimi mtu wa mbao tu. Lakini mnara si ule pale kushoto, unaochungulia pembeni ya ghorofa? Mbona antena yako inatazama ukuta?"

"Mawimbi hugonga ukuta yakarudi," Fundi alisema.

"Yakarudi wapi?"

"Wewe shika randa yako."

Seremala alirudi karakanani akitikisa kichwa, na muda si mrefu kicheko cha watu wawili watatu kikasikika kutoka huko. "Mzee Antena!" mmoja akaita. "Tukuitie fundi?"

"Mwiteni!" Fundi akajibu. "Aje na ngazi yake, hii imechoka kunibeba bure."

Lakini maneno yalimchoma. Jina lile alilijenga paa kwa paa, na sasa lilikuwa kichekesho cha karakana.

Binti alitoka. "Taa inawaka, Baba. Ila mtandao ndio huo huo, sifuri." Alikaa kwenye kizingiti akavua viatu. Miguu ilikuwa imemvimba kwa zamu za wiki nzima. Fundi alimtazama kutoka juu, akamwonea huruma.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Mikono hii siku hizi inafaa kushikia kikombe tu."

"Usiseme hivyo. Shuka ule."

Alishuka. Walikula viazi uani, watatu, sahani zikiwa magotini. Binti alieleza habari za mgonjwa aliyetoroka wodini na shuka la hospitali, Mama akacheka mpaka akashika mbavu, Fundi akadai mgonjwa huyo alikuwa akimkimbia yeye asije kumfungia antena. Kisha saa ya basi ikakaribia, binti akavaa viatu.

"Nitamwambia mwenzangu asubiri kwanza. Jumamosi ijayo tutajaribu tena."

"Ukinivumilia," Fundi alisema, akishika ngazi. "Ngoja nikapunge mkono kutoka juu. Angalau kupanda bado najua."

"Nikifika stendi nitapiga, nijaribu bahati."

"Piga, mama. Huwezi jua."

Alimkumbatia mama yake, akaenda. Fundi alisimama juu ya bati akipunga mkono, na binti akageuka mara mbili kupunga wake, mpaka akapotea kwenye kona ya duka la dawa.

Mama alitoka ndani. Alikuwa amevaa miwani na ameshika simu yake.

"Amepinda kona?"

"Amepinda."

"Haya, igeuze kule kwenye mnara nimsalimie dada yangu. Halafu uirudishe ukutani kabla mtoto hajafika stendi."